Kioo cha Upande wa Dereva

Saa mbili na robo asubuhi, wiki ya saba baada ya mazishi, Mama Kona aliweka gia ya nyuma ili aingize nyumba ya tela kwenye nafasi namba tisa, na mumewe akatokea kwenye kioo cha pembeni. Alisimama pale alipozoea kusimama, hatua sita nyuma ya tela, upande wa dereva, amevaa kizibao chake cha njano. Alikuwa amekonda kidogo. Akainua mkono, akauzungusha polepole: rudi, rudi.

Mama Kona akarudi. Alishika usukani kwa mkono mmoja, chini kabisa, kama mumewe alivyomfundisha zamani. Ukishika chini, mkono ukienda kulia na mkia wa tela unakwenda kulia, wala kichwa hakikuchanganyi. Alikata kidogo, akanyoosha, akakata tena kidogo. Tela likaingia bila kugusa kitu. Mumewe akainua ngumi, maana yake simama, naye akasimama. Alipotoa gia na kuteremka, nyuma ya tela palikuwa na vumbi tu, linatua.

Mlinzi wa lango alimuuliza Mama Kona kama yule ni mumewe. Akasema ni yeye. Mlinzi akasema basi angepita langoni kama watu wengine, maana atakayeulizwa ni yeye mlinzi.

Yadi ile ilikodisha nyumba za tela kwa watu wa safari ndefu: vitanda viwili, jiko la gesi, dirisha dogo lenye pazia. Kazi ya Mama Kona ilikuwa kuzivuta kwa pikapu mpaka zinakotakiwa na kuzirudisha. Jina lile alilipata kwa sababu ya kona. Akitaka kukata, kwanza aliipita kona kama aliyesahau njia, ndipo akageuza, maana matairi ya tela hupita ndani zaidi kuliko ya gari linalolivuta, na asiyejua hilo hupanda nalo ukingo wa barabara au miguu ya watu. Mumewe alikuwa mwongozaji wake. Watu walimwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilolitumia zaidi ya salamu. Mama Kona alipenda kusema kwamba hakuwahi kuposwa kwa mdomo. Alionyeshwa kwenye kioo kwa mkono kwamba aje, akaja.

Kanuni ya kazi yao ilikuwa moja. Usipomwona mwongozaji wako kwenye kioo, simama, shuka, kaangalie. Siku ya ajali, kwenye nafasi namba kumi na nne, Taratibu alitoka kwenye kioo. Mguu wa Mama Kona ulikwisha kugusa breki. Lakini meneja alikuwa amesimama kando ya mlango wa pikapu, wateja wanangoja, anapigapiga bati kwa kiganja na kumwambia nyuma pako wazi. Alirudi kiasi cha mikono miwili tu.

Ripoti ya ajali iliandika kwamba mwongozaji alisimama mahali pasipostahili.

Tangu asubuhi ile ya kwanza, kila gia ya nyuma ilipoingia Taratibu alikuja. Gari likienda mbele hakuwepo. Mama Kona, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akiingiza tela mara moja na kumaliza, akaanza kukosea. Aliliacha likunjane kidogo na pikapu, akalitoa, akaanza upya. Alifungua dirisha, akamweleza mumewe kwamba paa la jikoni linavuja, kwamba jirani amehama, kwamba usiku analala upande wake yeye Taratibu wa kitanda. Taratibu alimjibu kwa mikono: kushoto kidogo, njoo, simama.

Meneja aliridhika. Alikuwa bado hajaajiri mwongozaji mwingine, na sasa aliona hakuna haja. Akaandika jina la Taratibu kwenye orodha ya zamu, asubuhi na mchana.

Habari zikamfikia mama yake Taratibu. Alikuja siku ya Alhamisi, amevaa viatu vyake vya kwendea mjini, mkoba kwapani. Kumwona mwanawe alitaka, lakini hasa alitaka yale maneno ya ripoti yafutwe. Mwanawe hakuwa mtu wa kusimama ovyo, alisema. Hata mezani hakuwahi kusogeza kiti bila kugeuka kuangalia nyuma.

Mama Kona alimketisha kando yake ndani ya pikapu, akaweka gia ya nyuma. "Mama, angalia kioo cha upande wangu," alimwambia, na bibi akainama mbele yake mpaka nywele zake nyeupe zikagusa usukani.

Taratibu akatokea. Bibi alimtazama kwa muda.

"Amekonda," alisema. "Huko aliko anakula nini?"

Mama Kona hakujua. Alilivuta tela mpaka nafasi namba kumi na nne, ambayo tangu siku ile alikuwa akiikwepa, akaweka gia ya nyuma. Taratibu alisimama mahali pake, kwenye alama yenyewe, akazungusha mkono. Kisha akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa, akapiga hatua, akatoka kwenye kioo.

Safari hii Mama Kona alikanyaga breki. Akavuta breki ya mkono, akaiacha gia palepale, wakashuka wote wawili kwenda kuangalia.

Gari la meneja lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nafasi ile, limekaa mshazari, kama siku zote. Taratibu alikuwa ameinama kati yake na tela, mikono yote miwili kwenye bampa, analisukuma lisogee. Lilikuwa halisogei.

Mlinzi alikuwa amewafuata. "Hata siku ile meneja alimwita aje alisukume," alisema. "Nilimsikia."

"Mbona hukusema?" bibi aliuliza.

"Hakuna aliyeniuliza, mama."

Meneja akatoka ofisini. Akamtazama marehemu, akamwomba aangalie asikwaruze rangi.

Ofisini alikuwa mpole. Aliwapa viti. Akaeleza kwamba fomu ya ajali inataka shahidi atie saini, na marehemu, kwa bahati mbaya, hasaini. Bibi akauliza inakuwaje marehemu yumo kwenye orodha ya zamu. Meneja akasema ile ni orodha nyingine. Mlinzi aliulizwa kama analo la kusema. Alitazama viatu vyake, akasema hana.

"Na isitoshe," meneja alisema, akaigeuza ripoti ili waione vizuri, "dereva mwenyewe alisaini."

Bibi akamgeukia mkwewe.

"Ulisaini?"

"Nilisaini, mama. Waliniletea siku ya tatu baada ya kumzika. Sikusoma, nilitaka waondoke tu."

Mama Kona akaona kwamba asipolisema sasa hatalisema tena.

"Na kwenye kioo sikumwona, mama. Nilijua simwoni. Nikarudi hivyohivyo."

Meneja akaichukua ripoti, akairudisha kwenye faili, faili kwenye kabati. Bibi aliufunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena, kisha akainuka akatoka peke yake. Hakurudi kwenye pikapu. Mama Kona alimwona akikata kona ya ukuta kwa mwendo wake wa miguu mibovu.

Mwisho wa mwaka yadi ilipewa cheti cha usalama, kwa kuwa hakuna kosa la dereva wala la menejimenti lililoandikwa. Kilitundikwa mapokezi. Taratibu alipangiwa na Jumamosi pia.

Alhamisi moja bibi alikuja tena. Alipanda bila kusaidiwa, akaketi, akajifunga mkanda. Hakusema kama amemsamehe mkwewe, na mkwewe hakumuuliza. Aliuliza tu ni tela gani la kuingizwa siku hiyo, na alipoonyeshwa, likiwa karibu kabisa na nafasi yake, alilitazama kidogo.

"Mwanangu," alisema, "hakuna njia ndefu zaidi ya kurudi nyuma?"

Mama Kona akasema ipo. Akalivuta tela mpaka mwisho kabisa wa yadi, akashusha kioo cha dirisha, akaweka gia ya nyuma.