Mashine ya Kumrudisha Jescah

Macho ya Jescah yalipozimika, kikundi chetu cha kupura mahindi kilipoteza msomaji. Sisi kina mama hutia mahindi makavu kwenye magunia tukayapiga kwa fimbo, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na Jescah alikuwa akitusomea kitabu tukipumzika kunywa uji. Alipoacha kuona akajifungia nyumbani. Alisema hawezi kuja kunywa uji wa watu bure.

Musimbi, mwenyekiti wetu, alisikia kwamba mjini Kakamega kuna mashine zinazosoma vitabu kwa kanda. Tukauza mahindi ya kikundi, na mimi nikatumwa kuchagua. Wenzangu wanaona haya kubishana na wenye maduka. Haya zangu mimi niliziacha darasa la nne, pamoja na hesabu za kugawanya.

Nilijua kitu kimoja ambacho Musimbi hakukiwaza. Mashine ikija kukaa mahali pa Jescah, Jescah hatoki tena ile nyumba. Nikaondoka kijijini kwetu Mautuma nimeapa kwamba mashine ya kumzika rafiki yangu akiwa hai siileti.

Duka la kwanza lilikuwa la Protus, bwana mwenye tai na shingo ndefu. Mashine yake ilikuwa nyeupe, laini kama yai, na nyuma yake kanda za vitabu zilipanda mpaka darini. Akaiwasha. Mwanamume wa ndani alisoma kwa sauti tamu hata nikauliza kama ameoa. Protus alicheka, akaeleza masharti. Kanda zake huzunguka polepole kuliko za wengine, ukizitia kwenye redio ya kawaida zinalia kama vifaranga. Na mashine yake haikubali kanda za duka lingine. Ukimaliza kitabu unamrudishia, unapewa kingine.

"Kukhu," akaniambia, maana kwetu bibi huitwa hivyo, "hapa hutakosa kitabu mpaka ufe."

"Na mimi nikiiambia kitu, inasikianga?"

Akasema ni ya kusema tu. Nikamwambia wa namna hiyo niliishi naye miaka mingi, nikamzika, na sitafuti mwingine.

Duka la pili lilikuwa nyuma ya soko, kwa Sifuna, katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo. Alikuwa na redio kaseti nyeusi, mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Vitabu vyake vya kanda vilienea kiganjani, na kimoja kilikatika kabla ya mwisho. Lakini mashine ilikuwa na kitufe chekundu. Sifuna akakibonyeza, akaniambia niseme lolote. Nikasema Protus ana shingo ya twiga. Mashine ikalirudia neno langu vilevile, bila aibu yoyote. Nikainunua, pamoja na kanda tupu.

Musimbi alinuna. Safari yote hiyo, akasema, na nimeleta kitu kilichofungwa mpira, tena hakina kitabu. Nikamjibu kwamba kitabu kiko kichwani mwa Jescah, nami naenda kukichukua.

Jescah alikataa. Hadithi ya mjane na ng'ombe wake alikuwa ametusomea mara nyingi mpaka anaijua yote, lakini alisema msomaji asiyeona ni kichekesho. Nikavua viatu, nikajinyoosha kitandani pake, nikamwambia nitahamia hapo, na ninakoroma. Akatafuta leso yake ajifunge, tukatoka.

Tulimkalisha kwa Musimbi, kando ya magunia. Akaanza kusimulia, nikabonyeza kitufe. Hakuna aliyekumbuka kuweka fimbo chini. Tuliporudisha kanda tukasikia pu, pu, pu, mbwa akibweka, Musimbi akiuliza nani amemaliza sukari, na juu ya hayo yote sauti ya Jescah, iko wima.

"Imeharibika," Musimbi akasema. "Futa."

Jescah alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. "Usifute," akasema. "Ila pale mjane anapokwenda kwa chifu nimeruka kitu. Kesho mnapura kwa nani?"

"Kwako," nikamjibu.

"Basi mje mapema. Nitapika uji."

Haikuwa zamu yake. Hata mahindi hakuwa nayo, shamba lake lilikuwa limelala mwaka ule. Asubuhi nikabeba gunia langu mwenyewe kichwani mpaka kwake, na nyuma yangu nikamsikia Musimbi akihema, naye kabeba lake.