Mluzi Nyuma ya Nyumba

Katika darasa la kutambua ndege la wastaafu wa mji mdogo wa Cerknica palikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko mwalimu mwenyewe: anayemwita ndege kwa jina lisilo lake, Jumamosi inayofuata analeta potica, ile keki ya kukunja yenye jozi, tena nzima, si vipande. Ciril, tarishi mstaafu, alikuwa ameshaleta kumi na moja. Au tuseme mkewe Fani ndiye aliyezileta, kwa sababu Ciril hajui hata jiko la kwake linawashwa upande gani.

"Kipanga yule!" alikuwa akipaza sauti kabla darubini haijamfika machoni.

"Kunguru huyo, Ciril."

"Lakini amekaa kikipanga."

"Kamwambie Fani aloweke hamira."

Rozalija hakuwahi kuleta hata moja. Si kwamba alijua sana. Hakufungua kinywa. Aliingia darasani mwezi Machi, kozi ikiwa imebakiza matembezi matano, na yote alitembea mwisho wa mstari, mikono mfukoni, akisikiliza. Wenzake walidhani ni msiba. Mumewe Lojze alikuwa amezikwa Oktoba, na mjane si vibaya akipunga upepo. Msiba ulikuwepo kweli. Ila si huo uliomleta.

Asubuhi moja mwishoni mwa Februari, akimenya viazi, alimsikia Lojze akipiga mluzi nyuma ya nyumba.

Mluzi ule haukuwa na pacha duniani. Sauti mbili za kupanda, kisha moja ndefu ya kushuka, iliyokatika katikati kwa sababu ya jino la mbele lililobaki kwenye mpini wa kasia mwaka wa pili wa ndoa yao. Maana yake ilikuwa: nimeshafunga mtumbwi, niko njiani natoka ziwani, teleka. Naye Rozalija aliteleka, kwa miaka arobaini na mmoja. Asubuhi ile pia mkono wake uliweka sufuria motoni kabla kichwa hakijakumbuka. Alipotoka mbio na kisu mkononi, nyuma ya nyumba palikuwa na mtufaa mkavu, theluji iliyochakaa, na vindege vya kawaida vilivyoruka vilipomwona.

Kosa lake lilikuwa kumsimulia binti yake kwenye simu.

Bernarda alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ile ya upole inayotumiwa kwa wagonjwa, "Mama, baada ya Pasaka njoo ukae na sisi mjini Ljubljana."

"Nije kufanya nini?"

"Kupumzika tu. Chumba kipo. Na daktari yuko ng'ambo ya barabara."

"Mimi siumwi, Bernarda."

"Najua, mama. Najua. Lakini baba hapigi mluzi."

Mluzi ulirudi siku ya tatu, na ya saba. Kila akitoka, kimya. Rozalija akakaa akafikiri. Ama ni ndege, ama ni kichwa chake mwenyewe. Ikiwa ni ndege, lazima ana jina, na akilipata jina atampigia Bernarda na kulitamka kwa utulivu, na nyumba itabaki nyumba. Ikiwa si ndege, basi afungashe. Kesho yake akaliona tangazo la darasa kwenye mlango wa duka.

Tatizo ni kwamba hakujua amuulize vipi mwalimu. Mojca alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, binti wa bwana misitu, mkali kama siki, asiyependa maswali yasiyo na urefu wa mdomo na rangi ya miguu. Utamwambia nini? Kuna ndege gani apigaye mluzi kama mtu mwenye pengo? Basi Rozalija alisikiliza. Alisikiliza korongo, bata, ndege wa majanini, kigogota wa aina nne. Wote walikuwa na meno yao kamili.

Ikafika Jumamosi ya mwisho, wiki moja kabla ya Pasaka. Bernarda alikuwa ameshanunua pazia za chumba.

Siku hiyo njia ilipita Dolenje Jezero, kijijini kwa Rozalija mwenyewe, nyuma ya bustani yake, kuelekea ziwani. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye malisho. Wanafunzi tisa walikuwa wakibishana kama kile kilicho mbali ni bata au gogo, Ciril akiapa ni bata, gogo likiwa halijitetei, mara mluzi ukapigwa.

Sauti mbili za kupanda. Moja ndefu ya kushuka, iliyokatika katikati.

"Kurumbizi!" Ciril alipiga kelele. "Kurumbizi wa manjano! Jamani, wa kwanza mwaka huu nchi nzima!"

Watu walikwishafungua midomo kumcheka, lakini Mojca aliinua mkono. Alikuwa amegeuza shingo, macho yamemtoka. "Mapema mno," alinong'ona. "Huyo huja Mei. Lakini ni yeye. Sauti ni yake." Akaandika kurumbizi kwenye daftari lake.

"Si kurumbizi," alisema mtu nyuma.

Wote wakageuka. Wengine walikuwa hawajawahi kuisikia sauti ya Rozalija.

"Si kurumbizi," alirudia. Neno lilishatoka mlangoni na halikuwa na njia ya kurudi. "Huyo ni Lojze."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mama mmoja alimshika kiwiko. Rozalija akaziona pazia za Ljubljana, akaona hata rangi zake.

Mluzi ukapigwa tena. Safari hii Ciril alivua kofia taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Mungu wangu," alisema. "Ni Lojze kweli. Nimepeleka barua nyumba hii maisha yangu yote. Mwalimu, hilo ni pengo la Lojze."

"Mapengo hayaimbi," Mojca alisema, na hapo hapo akasimamisha darubini yake kubwa ya miguu mitatu. Aliitembeza kwenye paa, kwenye bomba la moshi, kwenye mtufaa. Akatulia. Masikio yake yalianza kuwa mekundu.

"Aibu yangu," alisema mwishowe. "Njoo, Bi Rozalija. Njoo uangalie."

Rozalija aliinama. Juu kabisa ya mtufaa alikuwa amekaa ndege mweusi mwenye madoa kama aliyepitiwa na chokaa, manyoya ya koo yamesimama, mabawa yanatikisika kwa bidii. Vindege hivi alikuwa amevifukuza kwenye miti yake ya cheri tangu aolewe.

"Kwezi?" alisema. "Huyu mwizi wa cheri?"

"Ni mwizi wa sauti vilevile. Dume huokota chochote anachokisikia: mwewe, chura, lango, mtu. Kwa majike, mwenye nyimbo nyingi ndiye tajiri. Sikuwafundisha kwa sababu hakuna mtu anayeuliza habari za kwezi." Mojca akalikata neno kurumbizi daftarini. "Jumamosi ijayo ni keki mbili. Ya Ciril, na yangu."

"Kozi imekwisha leo, mwalimu," Ciril alisema haraka.

"Deni la potica halifi."

Rozalija hakuwa akiwasikia. Alilirudia neno moyoni kwa furaha. Kwezi. Neno fupi hivyo, na nyumba imebaki nyumba. Alitaka kusema ahsante, ila Mojca aliweka kidole mdomoni. "Bado anaendelea. Sikilizeni wimbo wote, una mpangilio."

Wakasikiliza. Kwanza ulisikika mkwaruzo mrefu, kriiiik, na Rozalija akainua kichwa. Alizijua zile bawaba. Ulikuwa mlango wa ghala la viazi lililo chini ya nyumba, unaofungukia nyuma. Kisha kimya kidogo. Kisha: pop! Kisha gu-gu-gu. Kisha ulimi ukagonga kaakaa kwa raha isiyo na kifani. Kikohozi kifupi cha kusafisha koo. Halafu, safi kabisa, bila hatia yoyote, mluzi: nimeshafunga mtumbwi, niko njiani natoka ziwani, teleka.

Ndege akarudia tangu mwanzo. Kriiiik. Pop. Gu-gu-gu.

Miaka saba nyuma daktari alimkataza Lojze konyagi, na Lojze akaapa mbele ya padri, mkewe akiwa shahidi. Tangu siku hiyo Rozalija alimsifia mumewe kijiji kizima.

"Njiani natoka ziwani," alisema polepole. "Kumbe alikuwa hapo chini ya miguu yangu."

Kila mtu alitazama viatu vyake. Ciril alivitazama kuliko wote.

"Ciril. Mbona jasho linakutoka na baridi hii?"

"Mimi?"

"Dukani nilikwenda mimi. Chupa zilipitia wapi?"

Ciril alizungusha kofia mkononi. "Rozalija, mimi nilikuwa tarishi. Kazi ya tarishi ni kufikisha."

Kwanza walidhani Rozalija analia. Alikuwa ameshika lango la bustani, mabega yanatikisika, machozi yanamshuka, na ilichukua muda wajue kuwa ni kicheko. "Mjinga wewe!" aliuambia mtufaa. "Mzee mzima! Unajificha na viazi!" Ndege akamjibu kwa kikohozi cha kusafisha koo, na hapo hata Mojca akalazimika kukaa chini kwenye majani yenye maji.

Rozalija alipopata pumzi alipiga simu Ljubljana. "Bernarda, usiseme kitu. Sikiliza." Akainua simu juu, kuelekea mtini.

Wimbo wote ulipita.

"Ni kwezi," Rozalija alisema. "Mwalimu yuko hapa, atakueleza."

"Mama," Bernarda alisema kwa sauti nyembamba, ya mtoto. "Ina maana baba alikuwa anakunywa?"

"Miaka saba, mwanangu."

"Na sisi tulivyokuwa tunamsifu!" Kisha akaanza kulia, au kucheka, haikujulikana. Kisha akasema kwamba Pasaka watakuja wao, wote wanne, na mama asisogee popote.

Rozalija aliirudisha simu mfukoni. Alimgeukia Mojca, na sasa hakuona haya kuuliza.

"Anaishi miaka mingapi huyu?"

"Miwili, mitatu. Wengine kumi." Mojca alijikung'uta. "Inategemea paka."

Rozalija aliitazama nyumba ya Ciril, ya pili kutoka yake, pale dirishani palipolala kitu kikubwa cha rangi ya chungwa, kimenona, kimefumba jicho moja.

"Ciril, paka wako hajavaa kengele."

"Baroni? Hajavaa kengele tangu azaliwe. Ana heshima zake yule."

"Umenifikishia konyagi miaka saba," Rozalija alisema. "Kengele moja haitakushinda. Nenda sasa hivi, kabla hajaamka."

Ciril aliwatazama wenzake akitafuta wa kumtetea, hakumpata, akavaa kofia na kushika njia ya nyumbani kwake, akimwita Fani kwa sauti tangu mbali aje amsaidie kumshika.