Kisu cha Baba Mdogo

Niliona ugonjwa kwenye nyanya za baba Alhamisi asubuhi, na hasira niliyoipata siku ile bado ninayo. Majani ya juu yalikuwa na mabaka ya njano, matunda ya kwanza yameingia makovu ya kahawia. Nililipitia banda zima la nailoni. Kila mstari, mimea iliyougua ilikuwa upande wa kulia tu, tangu mlangoni hadi mwisho.

Nikamkumbuka baba mdogo Khalaf. Alikuja kutoka shambani kwake Karama kabla ya mavuno kumpongeza kaka yake, na katika ukoo wetu mgeni wa pongezi haketi mpaka aingizwe bandani, apapase majani na kusifu. Khalaf alitoa kisu chake cha kukunja akawa anakata machipukizi ya pembeni, kuonyesha kwamba naye ni mkulima. Baba alimshika mkono wa kushoto, kisu kikiwa wa kulia, akampitisha mstari kwa mstari, anacheka.

Mimi nafanya kazi maabara ya mimea mjini Irbid, na kazi yangu ni virusi vinavyoleta ugonjwa huohuo. Ndiyo maana nilichemka. Majira ya kuchipua, kabla ya pongezi zile, Khalaf alikuja kule na jani ndani ya mfuko wa mkate, akasema ni la rafiki yake. Nilimkalisha kwenye hadubini, nikamwonyesha kirusi nilichokitia rangi ya kung'aa. Hakina miguu wala nguvu yake chenyewe. Kikishaingia ndani ya seli hujishikiza kwenye nyuzi ambazo seli imezitandika kwa kusafirishia mizigo yake, na wachukuzi wa seli wanakikokota mpaka kwenye vijitundu vya ukutani. Hapo hutanua kijitundu, kikahamia kwa jirani.

"Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayembeba mwizi," alisema Khalaf, akacheka.

Nikamwambia ndiyo, na utomvu kidogo kwenye kisu unatosha kukipeleka shamba lingine. Rafiki yake achome mimea yote, asikanyage banda la mtu. Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema.

Baba nilipomwambia nyanya zimeugua, alisema ni majaaliwa. Majaaliwa gani? Mwenye ardhi alishatamka kwamba msimu huu ukiharibika shamba anampa mtu mwingine, na baba amelima udongo ule tangu sijazaliwa. Nilitamani kupasua kitu.

Ijumaa Khalaf akaja kula. Alimaliza wali na nyama yake, akajifuta ndevu, akaanza kumpa baba pole ya nyanya kwa sauti ya msibani. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Ba'mdogo, yule rafiki yako alichoma mimea yake?"

"Rafiki gani?"

"Wa lile jani la kwenye mfuko wa mkate."

"Aa, msomi wetu. Leo Ijumaa, maabara iache Irbid."

Baba alinikemea, akasema nyumbani kwake mgeni hahojiwi. Nikamjibu kwamba mgeni huyu aliingia na kisu, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwongoza hadi mstari wa mwisho. Sikujali kama ni adabu. Nikamgeukia Khalaf tena, nikamwambia amtaje huyo rafiki kwa jina, nimpigie simu sasa hivi.

Khalaf akachezea ukingo wa mkeka.

"Ningemwambia nani?" akasema mwishowe. "Madalali wangezikimbia nyanya zangu. Na kisu nilikifuta, wallahi, nilikifuta kwenye kanzu."

Kwenye kanzu! Nilimweleza kila kitu, akaelewa kila kitu, akaja kukata nyanya za ndugu yake kwa kisu alichofutia kwenye kanzu, ili tu asionekane ana lake la kuficha.

Baba alichukua birika la kahawa na kikombe cha mdogo wake. Kwetu mgeni humiminiwa funda moja tu chini ya kikombe, aongezwe akitaka; akijaziwa mpaka juu, ameambiwa aondoke. Baba alimimina mpaka kahawa ikafurika vidoleni mwake mwenyewe, akampa.

Khalaf alikiweka kile kikombe mkekani bila kukitia mdomoni, akatafuta viatu vyake. Baba hakumsindikiza.