Risiva ya Ng'ombe wa Mama

Mtu anayekuuliza "unataka ngapi nukta ngapi?" asubuhi, kabla hujanywa chai, ni wa kupigwa na kandambili. Lakini aliyeniuliza ni Gladys, mwenye duka la redio na televisheni hapa mjini Isiolo, na alikuwa amenipa kiti, kwa hivyo nikajizuia.

"Tano nukta moja, saba nukta mbili, ama tisa nukta mbili?" akarudia.

"Gladys, mimi nauza maziwa ya ngamia. Lita najua. Nusu lita najua. Hiyo nukta ni kitu gani?"

"Nambari ya kwanza ni spika za kukuzunguka. Ya nyuma ya nukta ni ile spika kubwa ya besi, ya kutingisha nyumba."

"Sasa kama ndiyo kubwa, mbona mmeiweka nyuma ya nukta?"

Gladys akamwangalia Murithi. Murithi ni fundi wa televisheni, na ndiye aliyenileta pale. Yeye akaangalia dari. Hilo swali halijajibiwa mpaka leo.

Wacha niseme kilichonipeleka, maana majirani wa mtaa wetu wa Kiwanjani walishaanza kusema Farhiya amepata pesa, anafungua sinema sebuleni. Sinema mimi hunilaza usingizi. Nilikuwa na mama asiyeona, na uongo wa miaka miwili.

Mama yangu alikuwa na ng'ombe sitini na wanne. Ukame ule mkubwa uliwamaliza wote. Ndugu yangu Abduba, aliyekuwa akiwachunga upande wa Garba Tula, alirudi nyumbani na fimbo na sufuria moja. Wiki hiyohiyo Mama alikuwa amelazwa kwa presha. Macho yake yalikuwa yameshakwenda zamani, na daktari akatuonya asishtuliwe. Basi tukanyamaza. Tulisema tutamwambia akitoka hospitali. Akatoka, tukasema wacha apate nguvu. Akapata nguvu, tukasema wacha Ramadhani ipite. Abduba akaenda Nairobi kuwa askari wa geti, na kila Ijumaa anampigia Mama simu kumpa habari za ng'ombe: huyu amezaa, yule anachechemea, yule ameanza ukorofi wa kutoroka. Wallahi Abduba alizalisha ndama wengi kwenye ile simu kuliko fahali yeyote wa Isiolo.

Halafu Mama akachoka na habari. Mwezi uliopita akasema anataka kupelekwa kwa ng'ombe wake. Nikamwambia barabara ni mbaya. Akasema yeye amezaliwa kabla ya barabara. Nikamwambia presha. Akasukuma sahani, akasema, "Nitakula nikishakaa katikati ya ng'ombe wangu nikawasikia."

Siku ya kwanza nikadhani ni hasira. Siku ya tatu alikuwa anashindia chai tu, na mimi niko jikoni nalia kwenye leso. Nimwambie nini? Kwamba ng'ombe wako ni mifupa? Presha impande, nimzike Mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe?

Nikaenda kwa Shuriye, mzee mmoja Msomali ambaye ng'ombe wake walipona, sijui alifanya dua gani. Boma lake liko nje kidogo ya mji. Nikanasa sauti za ng'ombe wake kwa simu, nikarudi nikamwekea Mama sikioni, nikamwambia Abduba ametutumia. Akasikiliza kidogo, akairudisha.

"Hawa wako ndani ya kopo," akasema. "Tena wote wako upande mmoja. Umeona wapi ng'ombe wakakaa upande mmoja?"

Nikapatana naye. Nikamwambia anipe wiki, nitawaleta ng'ombe hadi sebuleni kwa sauti, wamzunguke, na yeye ale. Akakubali, akala. Lakini akaniambia, "Wiki moja, Farhiya. Ukishindwa, utanipakia kwa gari."

Niliahidi kabla sijajua kama kitu kama hicho kipo. Ndipo nikamtafuta Murithi, naye akasema kipo, kinaitwa risiva, matajiri wanakifunga nyumbani kwa sababu ya sinema. Sauti ya kulia inatoka kulia, ya nyuma inatoka nyuma. Karibu nimbusu mkono, kama si haya.

Haya, sasa niko dukani kwa Gladys, na risiva tatu zimepangwa kwenye kaunta, zote nyeusi, zote zina kitufe kikubwa cha kuzungusha. Ukiniuliza tofauti, nitakwambia moja, mbili, tatu.

"Hii ndogo ina wati sabini kwa kila chaneli," Gladys akasema. "Hii kubwa mia moja arobaini."

"Hizo ni wati za kuandikwa kwenye boksi tu," Murithi akaingilia. "Ukiwasha spika zote pamoja, hizo wati zinashuka."

"Zinashuka kwenda wapi?" nikauliza.

"Zinagawana."

"Na hii kubwa inaweza kuendesha spika za dari," Gladys akaendelea, hajali.

"Za dari za nini?"

"Sauti ya juu. Mvua, ndege, helikopta."

"Ng'ombe wangu hawapai, Gladys."

"Mama Ikra," Murithi akaniita kwa jina la binti yangu, maana ndivyo anavyoniita akitaka nimsikilize, "chumba chako ni futi kumi na mbili kwa kumi. Chukua hii ndogo. Tano nukta moja inatosha kabisa."

"Usimsikilize," Gladys akasema. "Hiyo ndogo atarudi nayo baada ya mwezi akilia."

"Harudi."

"Anarudi!"

Walianza kubishana kuhusu omu, kipimo fulani cha spika. Omu! Mimi nilikuwa naijua ile ya kufulia tu. Mara Murithi anasema spika za omu nne zitaichoma ile ndogo, mara anasema si lazima, inategemea. Kichwa kilinizunguka. Nikiuliza swali moja, napewa majibu mawili na maswali matatu mapya, na siku zangu za ahadi zimebaki mbili.

Nikasimama. Nikafanya nilichofundishwa na baba yangu sokoni: mnyama usiyemjua, mwinue, mtazame kwa nyuma, na uulize ametoka kwa nani. Gladys akashika mdomo. Nikainua ile ndogo kwa mkono mmoja, nikaiona nyepesi kama bati. Ya katikati nikaiinua kwa mikono miwili, afadhali. Ile kubwa iligoma. Nilipoivuta, mgongo ulilia, na Murithi akaruka kuidaka.

"Huyu ameshiba," nikasema. "Alikuwa wa nani?"

Gladys akasema iliagizwa na mwenye loji moja ya watalii, kisha akaghairi. Basi ni mwana wa watu wenye mali. Nikaigeuza. Nyuma ilikuwa na matundu mengi mno, safu kwa safu, nikaogopa, lakini nikajikaza.

"Hii," nikasema.

Murithi akanivuta pembeni. "Mama Ikra, hiyo ni ya watu wanaotaka kusikia mpaka mwigizaji akimeza mate. Inatoa kila kitu, hata usichotaka. Wewe unataka mlio wa ng'ombe tu. Ng'ombe ni ng'ombe."

Mkikuyu angesema hivyo ningemsamehe, lakini Mmeru aliyekulia Isiolo! Hata hivyo sikumjibu vile. Nilimwambia, "Mama alisema kopo. Sitaki kusikia tena hilo neno." Nikatoa pesa nilizoweka za friza ya pili ya maziwa, nikalipa, nikatoka hapo sina hakika kama nimenunua dawa au ugonjwa.

Jioni hiyo Murithi aliazima kinasa sauti chenye vipaza vinne kwa rafiki yake anayerekodi harusi. Tukaenda kwa Shuriye wakati ng'ombe wanarudi bomani, tukakisimamisha katikati. Shuriye akauliza tunafanya nini. Nikamwambia ni mambo ya shule ya Ikra. Uongo huzaa haraka kushinda sungura.

Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri kila kitu kilikuwa tayari. Spika mbili mbele, moja katikati, mbili pembeni, mbili nyuma, na ile kubwa ya besi nyuma ya kabati, ile yenye kuitwa nukta. Mama akakaa katikati kwenye kiti chake, amejifunga shuka mpya, amejipaka manukato. Kwa ng'ombe, wallahi. Moyo uliniuma kumwona.

Murithi akaweka kipaza kidogo kwenye egemeo la kiti, akabonyeza kitufe. Spika zikaanza kupiga miluzi, moja baada ya nyingine.

"Nani huyo anapiga miluzi?" Mama akauliza.

"Ni mashine, Mama. Inapima uko wapi."

"Iambieni nipo hapa."

Kisha tukawasha, na ng'ombe wakalia kama wako ndani ya uwanja wa mpira, sauti inarudi mara tatu. Murithi akabonyeza rimoti: sinema, tamasha, ukumbi, mchezo. Kila jina lilikuwa na wazimu wake. Jasho lilikuwa linamtoka. Mwishowe akapata pahali palipoandikwa kwamba sauti ipite ilivyo, bila kuongezwa kitu.

Na ng'ombe wakaingia nyumbani.

Sijui niseme vipi. Mmoja alipita nyuma ya shingo yangu, nikageuka. Nilisikia kwato kwenye changarawe, mkia ukipiga ubavu, ndama anaita kule kwenye kabati la vyombo na mama yake anamjibu kutoka mlangoni. Kengele ya yule anayetangulia ilitoka kulia, ikapita mbele, ikaenda kushoto. Mama alikuwa ameinua uso. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamshuka. Nikamshika Murithi bega, nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumepona.

Mama akaanza kuwaita. "Diimtu!" Huyo alikuwa yule mwekundu aliyepewa siku ya harusi yake, au tuseme mjukuu wa ng'ombe huyo. Akasubiri. Akamwita mwingine. Akasubiri. Akageuza sikio kushoto, kisha nyuma, kama mtu anayetafuta mtu kwenye umati. Tabasamu likaanza kumtoka kidogo kidogo.

"Huyu anayekohoa," akasema polepole, "namjua. Na kengele hii ni ya mti, ina ufa. Tulikuwa tunanywesha nao kisima kimoja." Akanigeukia. "Farhiya. Hawa ni ng'ombe wa Shuriye."

Mimi binti wa wafugaji, jamani! Nilipima chuma kwa uzito, nikauliza kilikotoka, nikakitazama nyuma. Sikukumbuka kwamba mwanamke aliyekamua ng'ombe miaka hamsini anawajua kwa sauti jinsi unavyowajua watoto wako wakiitana nje. Simu ilinificha. Ile risiva ilinianika.

"Zima," Mama akasema.

Murithi akazima. Akaanza kukusanya bisibisi zake bila kutazama mtu, akatoka nje.

"Wangu walikufa lini?"

Sikuwa na uongo uliobaki. "Ukame ule, Mama. Ulipokuwa hospitalini."

"Wote?"

"Wote."

Nilimwangalia kifua, nikisubiri presha. Mkono wangu ulikuwa kwenye simu tayari kuita gari. Yeye alipumua tu, akatoa pumzi ndefu.

"Mkawaambia watu?"

"Hapana. Wangekwambia."

Hapo ndipo akakasirika, na mimi nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu nilidhani atalilia ng'ombe. Kwetu Waborana aliyepoteza mifugo husimama mbele ya ukoo akasema, mimi sina kitu tena, na kila mwenye nacho humtolea: huyu mtamba, yule ndama. Tunaita busa gonofa. Si sadaka, si aibu, ni haki yako. Lakini lazima useme mwenyewe.

"Wengine walioanguka mwaka ule walisimama?" akauliza.

"Walisimama."

"Wakapewa?"

"Wakapewa, Mama. Hata walikuja kwetu, wakidhani bado tuna ng'ombe." Nikaongeza: "Nilinunua mtamba sokoni nikatoa kwa jina lako."

Akapiga paja. "Mwenye njaa anatoa, na mwanangu analinda geti la watu!" Hilo nalo alilijua palepale: kumbe kila Ijumaa simu ya Abduba ilikuwa na honi za magari nyuma na watu wakiita geti lifunguliwe, na Mama siku zote alidhani ameenda mjini kuuza fahali. "Mficha uchi hazai, Farhiya. Mmenifanya tajiri wa uongo, mkawa maskini wa kweli."

"Tuliogopa utakufa, Mama."

"Ningelia. Mtu akilia hafi." Akanyoosha mkono, akanitafuta, akapata kichwa changu. Nilikuwa nimeshapiga magoti, sijui saa ngapi. "Unajua kila swala naomba nini? Naomba mvua inyeshe Garba Tula. Naomba fisi asiwaone. Nawataja mmoja mmoja, sitini na wanne, mpaka magoti yananiuma. Miaka miwili."

Nikaegemeza uso magotini kwake.

"Hiyo dua yote, mwanangu," Mama akasema, "ningewaombea nyinyi."