Wifi Anashika Kamba

Siku ile tulimkuta fundi wa ukuta ameshaanza kubomoa.

Si ukuta wenyewe aliokuwa akiubomoa. Ule ni ukuta wa mbao wa mchezo wa kupanda, uliosimamishwa ndani ya jengo lililokuwa ghala, na vishikio vyake vya rangi rangi vimefungwa kwa skrubu. Kila baada ya muda fundi hupanda ngazi na drili yake, akavifungua vyote, akavitupa kwenye ndoo, akavisugua kwa brashi na sabuni, kisha akavifunga upya kwa mpangilio mwingine. Ndiyo desturi ya pale. Vishikio vya rangi moja, toka chini hadi juu, ni njia moja; njia uliyoizoea leo, kesho haipo. Ukiipenda njia, ipande ingali ipo.

Mimi niliipenda ya njano.

"Fundi!" wifi yangu alipaza sauti tangu mlangoni, viatu vyake vya kupandia vikining'inia shingoni. "Wewe una roho ya namna gani? Si ulisema Jumatatu?"

"Nilisema Jumatatu," fundi alijibu kutoka juu ya ngazi bila kugeuka. "Halafu watoto wa shule wakaomba Jumatatu nzima. Kwa hiyo ni leo. Naanzia huku kwenye nyeusi, njano nitaifikia baadaye." Akabonyeza drili, mazungumzo yakaishia hapo.

Wifi akanigeukia. "Umesikia, Kinyonga? Leo ni leo, asemaye kesho mwongo."

Kinyonga ni mimi. Jina alinipa yeye, tena wiki ileile ya kwanza, kwa jinsi ninavyopanda: mguu naupeleka, naurudisha, naupeleka tena, ndipo naukanyagia. Sikukasirika. Sijawahi kusikia habari za kinyonga aliyeanguka. Hata kazini niko hivyohivyo. Napiga pasi kwenye duka la dobi, na mwenye haraka pale huunguza kola ya mtu.

Yeye ni mke wa kaka yangu, na tunafanya kazi pamoja. Yeye yuko mbele anapokea nguo, mimi niko nyuma na mvuke. Taulo za ukumbi ule wa kupandia zilikuwa zikifuliwa kwetu. Siku moja tulizipeleka wenyewe, kila mtu na furushi lake, tukasimama kutazama watu wanavyoning'inia, na mwenye ukumbi akasema, "Jaribuni basi, kutazama hakutoshi." Mimi kutazama kungenitosha. Wifi alikuwa ameshavua viatu.

Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya kazi tulikuwa pale. Na Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho, kwa sababu kaka alikuwa amehamishwa kikazi, na kesho yake asubuhi lori lingekuja kubeba vitu. Nyumbani kwao kulikuwa kumeshafungwa kila kitu, hata pazia. Kaka alitaka kutia viatu vya kupandia kwenye boksi la vyombo, wifi akamwambia, "Gusa uone."

Kwa hiyo nilikuwa na jambo moja tu: kufika juu ya njano, siku ile, wifi akiwa ndiye ameshika kamba. Si mtu mwingine.

Njia yenyewe inaanza kwa upole. Vishikio vya chini ni vinene kama mikate. Katikati ukuta unaanza kukulalia, tumbo linauma, na miguu lazima uibane ukutani isikuponyoke. Halafu kuna kishikio kimoja chembamba tulichokiita sabuni, maana kinafanana na kile kipande kinachobaki bafuni ambacho hakuna anayetaka kukitupa wala kukitumia. Juu ya sabuni, mbali, kuna cha mwisho, kikubwa, cha mviringo kama bakuli lililofunikwa. Kati ya sabuni na bakuli hakuna kitu.

"Pale polepole haifai," fundi alishaniambia. "Pale ni kuruka. Niliiweka hivyo makusudi."

"Ulimwekea nani, fundi? Nyani?" wifi alimuuliza. Lakini yeye mwenyewe alishairuka zamani. Ana mikono mirefu, na ni mwembamba kama ufito.

Mimi nilikuwa nimefika kwenye sabuni mara nyingi kiasi kwamba vidole vyangu viliijua kuliko vinavyojua mpini wa pasi. Na kila mara nilipofika niliita, "Kaza!" Wifi aliivuta kamba ikakaza, nami nikakaa juu yake kama mtu kwenye kiti, nikateremshwa taratibu. Sikuwahi kuruka. Yeye alidhani naogopa urefu, fundi naye alidhani hivyo, na mimi niliwaacha wadhani.

Tulivaa mikanda. Pale kuna utaratibu kabla ya kupanda: kila mmoja anamkagua mwenzake kwa macho na kwa mkono, hata kama mmekagua mara mia.

"Fundo?" wifi aliuliza, akilivuta fundo la kamba kiunoni pangu.

"Fundo. Mkanda wako?"

"Mkanda. Umenibana kuliko ndoa."

"Kamba?"

"Ninayo."

"Napanda."

"Panda, mama, jua lisituchwee."

Nikapanda. Mikate, tumbo la ukuta, miguu. Drili ilikuwa ikilia upande wa kushoto, na vishikio vyeusi vilidondoka ndooni kimoja kimoja. Nikaishika sabuni. Nikalitazama bakuli. Kisha nikageuza shingo nikatazama chini.

"Kaza!"

Kamba ikakaza. Nikateremshwa. Miguu yangu ilipogusa godoro lililotandikwa chini ya ukuta, wifi hakunitania kama kawaida yake. Aliilegeza kamba.

"Kinyonga."

"Abee, wifi."

"Unaogopa nini?"

"Kuanguka."

"Mwongo." Alisema kwa upole kabisa. "Mtu anayeogopa kuanguka hutazama pale atakapoangukia. Wewe hutazami godoro. Kila ukifika kwenye sabuni unanitazama mimi, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Unadhani wewe peke yako ndiye mwenye macho?"

Nikaangalia mikono yangu, nyeupe kwa chaki tunayojipaka isiteleze. Sikuwa nimejiandaa kuonekana.

Basi nikamwambia. Nikamkumbusha siku zile za mwanzo, nilipoteleza bado niko chini chini. Kamba ile inapita kwenye kapi huko juu, kama ndoo ya kisimani: wa huku akishuka, wa kule anapanda. Mimi nina mwili, yeye hana. Nilishuka, yeye akanyanyuliwa miguu hewani akajigonga goti ukutani. Alicheka wakati ule. Lakini kazini nilimwona akichechemea, na nyumbani alimwambia kaka kwamba amejigonga kitandani.

"Nikiruka pale nikakosa," nikasema, "wewe ndiye utakayeumia. Mimi ni gunia, wifi. Wewe ni ufito."

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Kumbe," akasema. "Kumbe mimi nakushika huku, na wewe unanishika kule. Sasa anayepanda ni nani?"

"Wifi..."

"Ngoja. Nilipoolewa kwenu, nikigusa ndoo, mama mkwe anainyakua: mkwe mwembamba asibebe. Nikigusa furushi, kaka yako anainuka: wewe acha, utavunjika. Huyo huyo jana kanipokonya boksi la sufuria. Mimi nilikuwa najiambia, hapa angalau kuna mtu mzima namshika kwa mikono yangu, na hadondoki. Kumbe hata wewe! Muda wote nimeshika kamba, na mtu niliyemshika hajawahi kuniachia uzito wake."

Alisema haya akikunja na kukunjua ncha ya kamba. Sauti haikupanda. Ingepanda ingekuwa afadhali.

Ndipo tukagundua kwamba drili imenyamaza. Fundi alikuwa amekaa juu ya ngazi, anasikiliza bila aibu.

"Samahani kina dada," akasema. "Si mtumie mifuko ya mchanga?"

"Mifuko gani?" wifi akauliza.

"Hiyo mnayoikalia siku zote."

Tukatazama. Kando ya ukuta kulikuwa na mifuko minene ya turubai, kila mmoja umeshonewa pete ya chuma. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tukiikalia kufungia viatu. Wifi hata alikuwa na wake anaoupenda, kwa sababu umebonyea vizuri.

"Mshika kamba akiwa mwepesi, anajifunga huo kiunoni," fundi akaeleza. "Unamzuia asiruke sana."

"Na wewe unatuona Jumamosi zote hizi tumeifanya vigoda, hukusema?"

"Nilidhani hamuitaki. Watu wengine ni wabishi. Na wewe, dada, samahani, una sura ya ubishi."

Wifi alimtazama, akanitazama mimi, akatazama kigoda chake. Kicheko kilimtoka kwanza puani, halafu kikammaliza kabisa, akainama ameshika magoti. Nikacheka na mimi, kwa woga kidogo, maana sikujua kama nimesamehewa.

Alipopata pumzi akajifunga mfuko kwenye mkanda, akautikisa. "Haya. Fungua nyekundu yako, fundi, njano bado ina mtu. Na wewe, pumzisha mikono. Ukipanda, pale juu usinitazame. Shingo ikigeuka tu, namwambia kaka yako ni nani aliyeunguza shati lake la harusi."

"Wifi! Ulisema umesahau!"

"Nilisema nimenyamaza."

Nilikaa mpaka mikono ikalegea. Tukakaguana tena, fundo, mkanda, kamba. Aliposema "ninayo," alilisema neno hilo kwa kituo, kama mtu anayepokea kitu.

Nikapanda. Kwenye sabuni shingo yangu ilitaka kugeuka, kwa mazoea tu, na nikaizuia. Nikaona ukuta, tundu za skrubu, alama nyeusi za soli za watu. Nikaruka.

Vidole viligusa bakuli, havikushika. Nikaanguka.

Ni kitu kifupi sana, kuanguka. Tumbo linabaki juu, wewe unatangulia, halafu mkanda unakupokea mapajani, na unajikuta unabembea. Nikatazama chini kwa woga. Wifi alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, mfuko wa mchanga umeinuka upande mmoja, kamba ameibana kiunoni kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka. Na uso wake! Sijawahi kuona mtu akifurahia mzigo namna ile.

"Nimekushika!" alipiga kelele, ukumbi mzima ukasikia. "Nimekushika, gunia wee!"

"Goti?"

"Achana na goti langu! Umenisikia? Nimekushika!"

Nilipoteremka, fundi alikuwa ameshamaliza nyekundu. Ngazi yake iliegemea pembeni kabisa ya njano. Nikajua imekwisha. Lakini yeye akageuza ndoo tupu, akaikalia, akafungua chupa yake ya chai.

"Chai yangu ya moto," akasema, hakumtazama yeyote. "Mimi chai ya moto siwezi kuinywa haraka."

Aliinywa kwa kuipuliza kuliko nilivyowahi kuona mtu akipuliza chai.

Sitaki kuieleza sana ile mara ya mwisho. Mikono ilikuwa imechoka na chaki imelowa jasho. Niliifikia sabuni bila kufikiri, na nilipoiacha sikuwaza bakuli, niliwaza tu kwamba chini yangu kuna mtu. Mkono wa kulia ukanasa. Miguu ikanichomoka yote miwili, nikaning'inia kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Kisha nikauleta mkono wa kushoto, kwa sababu pale usiposhika kwa mikono yote miwili na kutulia, hawahesabu.

Nikatulia.

Huko juu kuna vumbi kwenye vyuma vya paa ambalo walio chini hawalijui. Nilimtazama wifi, safari hii kwa kupenda. Alikuwa mdogo, na mfuko wake ubavuni kama mbuzi aliyefungwa kamba, ila huwezi kujua nani kamfunga mwenzake.

"Umefika?" akauliza, ingawa alikuwa ananiona.

"Nimefika."

"Basi shuka, chai ya watu imepoa."

Fundi alisimamisha ngazi akaanzia juu. Bakuli likaanguka ndooni kwa kishindo. Nilidhani ningeumia kulisikia. Sikuumia.

"Zamu yangu," wifi akasema.

Njia iliyobaki ilikuwa ya bluu, ya watoto, kwenye kona. Nikamwambia, "Hiyo unaimaliza kabla sijakohoa." Akasema anataka kupanda tu. Akanivulia mfuko wa mchanga, nikaukataa. Mimi sihitaji, mimi ndiye mfuko wenyewe. Tukakaguana.

"Kamba?"

"Ninayo."

Akapanda kama panya. Kule juu kwa kawaida huwa hamwambii mtu, hujiachia tu akapiga kelele. Leo alishika kishikio cha mwisho kwa mikono miwili akabaki hapo, amenipa mgongo.

"Kaza," akasema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikavuta kamba mpaka mwisho. Akaachia ukuta, akakaa, miguu ikining'inia, viatu vyake vimeelekeana vidole.

"Nikushushe?"

"Bado."

Upande wa pili drili ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Vishikio vya njano viliendelea kudondoka.

"Wifi?"

"Nimesema bado. Wewe si hodari wa kutazama? Tazama."

Nikapanua miguu kidogo, nikaishika kamba vizuri, nikatazama.