Mama Aenda Nairobi Kumwona Wajina

Kaka yangu Kang'ethe alitutumia ushauri wa kutembelea Nairobi kwa sauti, kwenye WhatsApp, kipande baada ya kipande, utadhani ameajiriwa kutembeza watalii. Tuanze na museum mapema, kabla watoto wa shule hawajajaa. Tuvae viatu vya kutembea. Tusibebe chakula. Tukitoka hapo tupande juu ya KICC tuone mji wote, halafu twende tukawalishe twiga.

"Na msikae sana mahali pamoja, Tabby," akamalizia. "Mkikaa mtamiss vitu mob."

Nilisikiliza nikikanda unga wa chapati, na kila kipande kilinipandisha mori. Twiga! Mimi naishi Rhonda, ua wa mbuga ya Lake Nakuru uko hapo chini ya mtaa. Nyani wanaruka wananiibia chapati mezani, halafu mtu ananishauri nisafiri kutafuta wanyama. Na katika maneno yote hayo hakutaja nyumba yake hata mara moja. Hakutaja mlango, wala kiti, wala kikombe cha chai.

Nikampigia simu. "Kang'ethe, mum hataki twiga. Anataka kumwona Nyaguthii."

"Si nimesema nitamleta museum? Kwa nyumba kuna repairs. Fundi wako kila mahali."

"Fundi gani hao wa miaka mitatu?"

Akakata simu.

Sisi Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili jina la mama yake mama. Hakuna kuulizana, ndivyo ilivyo. Mama yetu ni Nyaguthii, na Kang'ethe ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Mimi ningempa jina kwa binti wangu wa pili, lakini Mungu alinipa wavulana watupu, na hilo duka nimeshalifunga. Kwa hivyo binti wa Kang'ethe alipozaliwa, naye akatuambia ni Nyaguthii, mama alipiga vigelegele huko shambani Dundori mpaka majirani wakaja mbio. Tangu siku hiyo alimwona kwenye simu yangu tu, kwenye picha. Kila tulipopiga, mtoto amelala. Hata hivyo, kila Jumapili aliwaambia wamama wa kanisa, "Mimi niko Nairobi, naota meno," maana kwetu wajina wako ni wewe mwenyewe umezaliwa tena.

Siku ya safari tulipelekwa na jirani yangu Owuor kwa Probox yake. Mama alivaa kitambaa kipya cha kichwa na kubeba kiondo kilichojaa ndizi, njahi na mayai ya kienyeji, maana ushauri wa kutobeba chakula ulimwingilia sikio hili ukatokea lile. Tulipofika Mai Mahiu nilitaka tusimame tule mahindi choma. Akakataa. Alisema hatatia kitu mdomoni kabla hajamshika wajina wake.

Kang'ethe alitungoja kwenye geti la museum, mtoto begani, miwani ya jua usoni ingawa kulikuwa na mawingu. Mkewe Natalie hakuja, eti kichwa kinamuuma. Mama akanyoosha mikono.

"Nyaguthii! Kuja kwa cucu!"

Mtoto akageuka akatazama nyuma.

"Ako na usingizi," Kang'ethe akasema haraka. "Twende tuone nyoka kwanza."

Tukaona nyoka. Mama hawapendi nyoka. Huko Dundori huwaua kwa jembe, hajawahi kusikia wakijengewa nyumba za kioo. Alitembea akimwangalia mtoto tu. Kila alipofungua mdomo, Kang'ethe alikuwa na kitu cha kuonyesha. Ona chatu. Ona kobe. Ona ndege waliokaushwa. Twende, mum, twende. Nilimwona anavyotokwa jasho nikajua kuna jambo, na nikaanza kumchukia kabla sijalijua.

Mwishowe mama alichoka. Akaketi kwenye benchi karibu na choo, akasema hasongi hata wamletee simba. Akamenya ndizi. Mtoto alikuwa kwenye nyasi mbele yake, anacheza na kifuniko cha chupa.

"Nyaguthii, kuja ukule."

Mtoto hakuinua kichwa.

"Nyaguthii!"

Hapo akainuka, akawaangalia watu waliokuwa wakipita, mmoja mmoja, kisha akamvuta baba yake suruali. "Daddy, Nyaguthii ni nani? Cucu anamwita na hakuji."

Mama akashusha ndizi. "Na wewe unaitwa nani, mami?"

"Mukami."

Mukami ni mama yake Natalie.

Nilimkamata Kang'ethe shati. "Mwongo wewe! Miaka yote hii mum anajisifu kanisani!"

"Niache, Tabby! Muulize mum alimwambia nini Natalie siku ya ruracio. Tumepeleka mahari, wazee wa kwao wameketi, na yeye anasema huyu ni maua ya plastiki, hawezi hata kuchemsha maji. Natalie aliapa hilo jina haliingii kwake. Ulitaka nifanye nini?"

"Nilisema hivyo," mama akajibu, kwa sauti ya chini. "Na ningesema tena. Lakini mimi nilimtukana mbele ya watu, akasikia kwa masikio yake. Wewe umenitukana kwa siri, halafu ukanileta nione nyoka."

"Mum, tukipata msichana wa pili, tutam—"

"Mimi si wa pili."

Alimpa mtoto ndizi, kwa sababu mtoto hana kosa. Kisha akabeba kiondo chake kikiwa bado kimejaa. Kwetu mtu harudi nyumbani na alichomletea mtoto wake. Kurudi nacho ni tusi, na Kang'ethe alilielewa vizuri. Alitufuata mpaka kwenye gari akiita. Nilipandisha kioo.

Jumapili nilikwenda Dundori nikidhani amejifungia nyumbani. Nilimkuta kanisani, kiti cha mbele. Baada ya ibada wamama wakamzunguka. Nairobi iko aje? Mlipanda ile nyumba refu? Na wajina wako, anafanana na nani?

Wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki. Nilikuwa tayari kumwanika Kang'ethe pale pale, mbele ya pasta na wanakwaya, na hasira yangu ilikuwa na haki yote. Mama akanitangulia.

"Ni mimi mtupu," akasema. "Nikimwita tu, anakuja mbio." Akanigeukia mbele yao wote. "Si ni ukweli, Tabby?"

Sijawahi kumwona mama akimwomba mtu kitu, tangu nizaliwe.

"Ni ukweli," nikasema. "Hata kabla hujamaliza kumwita."