Doa la Upande wa Dirishani

Noreen alikuwa amechoka kubishana. Tangu asubuhi alikuwa akimwambia bintiye neno moja tu: doa lile la shavuni lisichomwe kabla halijapimwa.

Binti, Leanne, alikuwa dereva wa lori la miwa, na madereva wa Queensland, kule Australia, utawajua kwa upande wa kulia. Mkono wa dirishani umejaa madoa ya kahawia, na shavu la upande huo vilevile.

"Mama, wewe mwenyewe mikono kama yai la kwale," Leanne alimtania. "Jumamosi namsindikiza bibi harusi. Saluni wanalichoma kwa mwanga, kwisha."

"Mwaka jana si walilichoma? Mbona limerudi, tena ukingoni rangi ya majivu?"

"Jua tu hilo. Huku nani hana?"

Ndilo kosa la watu wa kule. Madoa ni ya kila mtu, basi hakuna anayeyatazama. Marehemu mume wa Noreen naye alisema hivyohivyo, akaja kuvaa mikono mirefu wakati umeshapita.

Noreen akachukua funguo za gari, akazikalia. "Haya, ninyanyue."

"Na uzito huo? Yesu wangu!" Leanne akacheka, akashindwa. Wakaenda kwa daktari, akakata kipande, akakituma maabara. Harusini Leanne alikwenda na plasta, kila picha akigeuza shavu la kushoto.

Wiki iliyofuata daktari aliwaita.

"Sehemu kubwa ni doa la jua la kawaida," alisema. "Kwenye hadubini unaona ngozi imeota kwenda chini kama vidole vilivyochovywa wino. Seli za rangi zimekaa pale chini kwa mstari, kila moja mahali pake. Lakini ukingoni zimesongamana, na nyingine zimeanza kupanda juu. Hiyo ni saratani, ila bado haijazama. Tutakata zaidi. Lingechomwa tena lingefifia kwa nje tu, ugonjwa ukabaki ndani, na sisi tusijue."

Leanne akauliza siku ya kukatwa.

Garini alivuta shati la mikono mirefu la marehemu baba yake, lile ambalo mama yake huliweka kiti cha nyuma na yeye hulicheka, akalivaa na joto lote lile, akafunga vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono.

"Usiseme kitu, Mama."

Noreen aliegemea kiti. Alifumba macho, akalala njia nzima.